Nani kachora duara? Yanayotokea nyuma ya mistari na maumbo ya kompyuta

Kijana aliyeketi kando yangu alikuwa anahangaika na duara. Alifungua Inkscape, programu ya kuchorea, akachukua zana ya penseli, akawa anazungusha kipanya taratibu huku ameuma mdomo wa chini. Alipofika pale alipoanzia, duara lilikuwa limebonyea upande mmoja kama chungwa lililolaliwa na gunia. Akafuta, akaanza tena. Mara ya nne nikamwomba kipanya, nikabonyeza herufi E kwenye kibodi, nikashikilia Ctrl, nikaburuta mara moja. Duara likatoka, limetimia pande zote.

Akalitazama kidogo, kisha akauliza: "Sasa hapo mwalimu, nani kachora? Wewe au kompyuta?"

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, maana ndani yake mna kazi yote ya uchoraji wa kompyuta. Anayelijua jibu lake hasumbuki tena kujiuliza kwa nini mstari wake una ngazi, kwa nini nembo ikikuzwa ukingo wake unanenepa, au kwa nini mkunjo unakataa kupita pale anapoutaka upite.

Jibu ni kwamba mimi nilieleza, kompyuta ikachora. Tena haijamaliza kuchora. Kila unaposogeza ukurasa, kila unapokuza, kila unapotuma kwa printa, inayasoma yale maelezo yangu na kuchora upya tangu mwanzo.

Maelezo yenyewe

Unaweza kuyaona kwa macho. Chora pembetatu kwenye Inkscape, hifadhi faili, kisha lifungue kwa Notepad au programu nyingine yoyote ya maandishi matupu. Faili la SVG, aina ya faili ambayo Inkscape huhifadhi, ni maandishi tu toka juu mpaka chini. Katikati ya mambo mengine mengi utakuta kitu cha namna hii:

M 20,20 L 80,20 L 50,70 Z

Hiyo ndiyo pembetatu. M inasema: inua kalamu, kaiweke kwenye nukta iliyo hatua 20 kwenda kulia na 20 kwenda chini. L inasema: kutoka hapo piga mstari mnyoofu mpaka 80,20. L ya pili inauendeleza mpaka 50,70. Z inasema: rudi ulikoanzia, funga. Herufi nne na namba sita, basi. Kwenye faili lako herufi zinaweza kuwa ndogo, m na l. Hapo namba zinahesabiwa kutoka nukta iliyotangulia badala ya kutoka kwenye kona ya ukurasa. Inkscape pia hupenda kufupisha, kwa hiyo usishtuke ukikuta L moja imeachwa. Maana haibadiliki.

Huenda umeona nimesema "kwenda chini". Shuleni tulifundishwa kwamba mhimili wa y unapanda. Kwenye skrini unashuka, kwa sababu sifuri imewekwa kona ya juu kushoto, pale tunapoanzia kusoma. Inkscape yenyewe iliweka sifuri chini kushoto kwa miaka mingi, mpaka toleo la 1.0 la mwaka 2020 lilipoihamishia juu. Ukifuata somo la zamani na umbo lako likatua upande usiotarajiwa, usijilaumu, angalia kwanza toleo.

Duara ni fupi kuliko pembetatu: kitovu kiko wapi kwenda kulia, kiko wapi kwenda chini, na nusu kipenyo ni kiasi gani. Namba tatu. Mstatili ni namba nne: mbili za kona ya juu kushoto, moja ya upana, moja ya kimo. Ndiyo maana yule kijana alishindwa kwa penseli. Penseli ilikuwa inarekodi mtetemo wa mkono wake, nukta baada ya nukta, na wala haikujua kwamba alichokuwa anakitafuta ni duara. Alikuwa hajaiambia.

Picha ya kamera au ya WhatsApp ni kitu kingine kabisa. Humo hamna maelezo ya umbo, mna orodha ya rangi za vimraba vidogo vinavyoitwa pikseli. Mteja aliwahi kuniletea nembo ya shule yenye upana wa pikseli 300, akataka bango la mita 3. Gawanya mwenyewe: kila pikseli inakuwa sentimita nzima. Ukisimama mbele ya bango hilo huoni nembo, unaona sakafu ya vigae. Nilikaa jioni nzima kuichora upya: maduara mawili, ngao, kitabu kilichofunguliwa, mwenge. Faili lililotoka lilikuwa jepesi kuliko ile picha, na linachapika kwenye kalamu au kwenye ukuta wa ghorofa bila kupoteza kitu, kwa kuwa namba ukizizidisha kwa kumi zinabaki kuwa namba.

Skrini haijui mstari

Sasa tuhamie upande wa kompyuta. Maelezo yanasema "toka hapa mpaka pale", lakini skrini haijui mstari ni nini. Skrini ni shamba la vitaa vidogo, ndizo pikseli zake, vilivyopandwa kwa safu. Ile ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili. Kila kitaa kinaweza kubadili rangi, hakiwezi kusogea hata kidogo. Mstari wako inabidi utafsiriwe kuwa uamuzi wa kitaa kipi kiwake na kipi kikae kimya.

Chora bendera mbili uone. Ya Kenya ina mistari ya kulala: nyeusi, nyekundu, kijani, na ile myeupe myembamba kati yao. Kila mpaka unafuata safu ya vitaa, kwa hiyo unatoka safi kama umekatwa kwa wembe. Ya Tanzania ina mshazari mweusi uliopakana na njano, unaopanda kutoka kona ya chini upande wa mlingoti. Hapo hakuna safu inayoelekea huko. Kuza skrini na utaona ngazi kwenye kila ukingo wa ule mshazari. (Kenya nayo haiponi moja kwa moja, maana mikuki iliyopishana nyuma ya ngao ina ngazi zilezile.)

Ngazi hizo zinapangwaje? Kompyuta ikipewa mstari wa kutoka 0,0 hadi 8,3, inajuaje ibadilishe safu wapi? Njia iliyo maarufu kuliko zote aliitunga Jack Bresenham mwaka 1962, akiwa mfanyakazi wa IBM, kwa ajili ya kuendesha mashine ya kuchora kwa kalamu iliyounganishwa na kompyuta ya IBM 1401. Aliichapisha mwaka 1965. Naipenda sana kwa sababu unaweza kuifanya kwa vidole, na ukishaifanya mara moja hutaitazama tena skrini kwa macho yaleyale.

Ifikirie kama daftari la deni dukani. Mstari unakwenda hatua 8 kulia na safu 3 tu upande wa pili. Kila hatua moja kulia inakuongezea deni la 3. Deni likizidi 4, yaani nusu ya 8, unahamia safu inayofuata na hapohapo unalipa 8.

Hatua ya kwanza: deni 3, unabaki safu ileile. Ya pili: deni 6, limezidi 4, unahama safu, unalipa 8, sasa wewe ndiye unayedai 2. Ya tatu: wanaongeza 3, unadaiwa 1. Ya nne: unadaiwa 4, halijazidi, unabaki. Ya tano: 7, unahama, unalipa, unadai 1. Ya sita: unadaiwa 2. Ya saba: 5, unahama, unadai 3. Ya nane: sifuri. Umefika 8,3 kamili, hudaiwi wala hudai.

Hesabu vitaa vilivyowaka kwenye kila safu: viwili, vitatu, viwili, viwili. Ndizo ngazi unazoziona. Hazikupangwa ovyo, ila ndizo zilizo karibu zaidi na mstari wa kweli kwa kadiri shamba lile linavyoruhusu. Na angalia tulichotumia: kujumlisha, kutoa, kulinganisha. Hakuna kugawanya, hakuna desimali. Kwa mashine za wakati ule, ambazo desimali zilizichosha, hilo lilikuwa jambo kubwa, na mpaka leo vifaa vidogo vyenye skrini ndogo vinapiga mistari kwa daftari hilihili.

Programu za kisasa zinaongeza hatua moja: zinalainisha kingo. Badala ya kuuliza "kiwake au kisiwake?", zinauliza umbo limefunika sehemu gani ya kitaa. Likifunika nusu, kinapewa rangi nusu. Jicho, likiwa mbali kidogo, linaunganisha vile vijivujivu na kuona ukingo laini.

Ila ulainishaji huu una mtego ambao umewatesa wengi wanaochora aikoni na vitufe vya tovuti. Unapiga mstari wima mwembamba, unene pikseli 1, mahali pa 10 kamili. Unatoka mnene na umefifia, na ukiukuza unakuta safu mbili za kijivu badala ya moja nyeusi. Kosa liko wapi? Namba 10 si kitaa, ni mpaka kati ya vitaa viwili. Mstari unakaa katikati ya namba yake, kwa hiyo unaanzia 9.5 na kuishia 10.5, nusu upande huu na nusu upande ule, na kila kitaa kinapata rangi nusu. Uweke kwenye 10.5 na utakuwa mweusi mwembamba kama ulivyotaka. Nimeona watu wakiunenepesha, wakiuwekea rangi kali zaidi, wakibadili hata skrini, na dawa ilikuwa nusu pikseli.

Kuburuta na kubana

Namna ya kutoa maelezo kwa mkono tumeirithi kutoka kwa mtu mmoja. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake huko MIT, Marekani, kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Aliiendesha kwenye kompyuta ya TX-2, akichora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Alikuwa anaigusa skrini mahali pa kuanzia, kisha mstari unanyumbuka kama mpira kuifuata kalamu inakokwenda, mpaka aamue unaishia wapi. Leo ukiburuta kipanya na mstatili ukawa unajitanua chini ya mkono wako, ni kitu kilekile.

Sutherland aliona pia kwamba mkono wa binadamu hauaminiki, akaipa programu uwezo wa kuambiwa masharti: mistari hii miwili iwe sambamba, hii ikutane kwa pembe mraba. Ukichora kiholela inanyoosha yenyewe. Ctrl na Shift za leo ni wajukuu wa masharti hayo. Kwenye Inkscape, herufi R inakupa mstatili, E duara na duaradufu, kinyota cha kibodi kinakupa nyota, B kalamu ya mistari na mikunjo. Ukishikilia Ctrl wakati wa kuburuta, duaradufu linabanwa kuwa duara, mstatili kuwa mraba, na mstari wa kalamu unageuka kwa nyuzi 15 kila mara. Ukishikilia Shift, umbo linakua kutoka katikati badala ya kutoka konani. CorelDRAW, ambayo mafundi wengi wa uchapaji ndiyo waliyoanzia, inafuata mpangilio huohuo wa Ctrl na Shift. Illustrator inabadilisha: Shift ndiyo inayobana, Alt ndiyo inayokuza kutoka katikati. Aliyehama kutoka moja kwenda nyingine huwa anachora mayai kwa wiki nzima, halafu vidole vinazoea.

Kuna ushauri mmoja ninaousisitiza hata kwa waliokomaa. Ukijua kipimo, kiandike. Juu ya ukurasa kuna visanduku vya X, Y, upana na kimo. Kuburuta ni kwa ajili ya kutafuta, na ukishapata unachokitaka, andika namba. Mstatili wenye upana wa milimita 89.97 hautaonekana tofauti na wa 90, mpaka utakapoupanga pamoja na wenzake kumi na mmoja kwenye karatasi ya kadi za biashara.

Mkunjo na vishikio vyake

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mstari mnyoofu unahitaji nukta mbili. Mkunjo unahitaji nne: mbili za mwanzo na mwisho, na mbili zinazoitwa vishikio, zile ncha zinazotokea ukibofya na kuburuta kwa kalamu. Mtu anavuta kishikio akidhani mkunjo utakifuata mpaka kilipo. Haukifuati. Unakielekea tu, halafu unageuka zake. Mtu anaudhika, anaongeza nukta, anaongeza nyingine, mwisho umbo linakuwa na mabonde kama barabara ya masika.

Tufanye hesabu yake, nayo ni rahisi ajabu, kwa kuwa ni ya kutafuta katikati tu. Chukua mwanzo 0,0. Kishikio cha kwanza 0,8. Kishikio cha pili 8,8. Mwisho 8,0. Ziunganishe kwa mfuatano na utapata mistari mitatu. Katikati ya kila mmoja ni 0,4 na 4,8 na 8,4. Unganisha hizo tatu kwa mistari miwili. Katikati yake ni 2,6 na 6,6. Unganisha hizo mbili. Katikati yake ni 4,6. Hapo ndipo mkunjo unapopita ukiwa nusu ya safari. Vishikio vyote viwili viko kwenye 8, mkunjo umeishia 6. Umefika robo tatu ya njia, na hautaipita. Ukitaka nukta nyingine, badala ya kutafuta katikati tafuta robo, au theluthi, kwa utaratibu uleule.

Utaratibu huu ulizaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliubuni akiwa Citroën mwaka 1959, kwa ajili ya kueleza maumbo ya mabati ya gari kwa namba, lakini kampuni ikauficha. Pierre Bézier wa Renault alifika kwenye mikunjo hiyohiyo kwa njia yake, na yeye akaruhusiwa kuchapisha. Ndiyo sababu dunia nzima inaiita mikunjo ya Bézier. Nadhani haki ingemtaka de Casteljau atajwe kila mara hesabu hii inapofundishwa, maana zile hatua za "katikati ya katikati" ni zake.

Ukishaelewa kwamba kishikio ni mwelekeo na nguvu ya mvuto, si mahali pa kupita, mambo mawili yanakuwa wazi. Kwanza, kishikio kinaugusa mkunjo pale unapoanzia. Ukikielekeza wima, mkunjo utaondoka wima. Pili, kadiri kinavyokuwa kirefu ndivyo mkunjo unavyochelewa kugeuka. Basi weka nukta chache, uziweke pale umbo linapofika mwisho wake: juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa, kulia kabisa. Herufi S nzuri haihitaji nukta ishirini.

Na lile duara? Ukiligeuza kuwa njia, yaani mstari unaopita kwenye nukta, kwa Shift+Ctrl+C kwenye Inkscape, linapoteza zile namba zake tatu na kubaki na nukta nne, kila moja na vishikio vyake. Mikunjo hii haiwezi kufanya duara kamili, inalikaribia tu. Kila kishikio kikiwa na urefu wa 0.5523 ya nusu kipenyo, makosa hayazidi asilimia 0.03 hivi ya nusu kipenyo hicho. Kwa duara la nusu kipenyo cha sentimita 10, hiyo ni chini ya milimita 0.03, nyembamba kuliko unywele. Hakuna jicho litakalolikamata. Ila usigeuze umbo kuwa njia kabla hujalazimika: duara linalojijua kuwa duara unaweza kulibadili nusu kipenyo kwa namba moja, na mstatili wenye kona za mviringo unaweza kuongezewa mviringo wakati wowote. Ukishageuza, umebaki na nukta.

Ukingo una unene, njia haina

Hili ndilo lililonigharimu. Nilichora maandishi ya dirisha la duka kwa kalamu, herufi za mkono, nikaziwekea ukingo mnene wa milimita 10. Kwenye skrini zilipendeza. Nikapeleka kwenye mashine ya kukata stika. Kisu kikateremka, kikapita katikati ya kila herufi mara moja, kama mtu anayechana karatasi, kikamaliza. Hapakuwa na herufi za kubandua, palikuwa na mikato tu. Mita nzima ya stika ikaenda.

Mashine haikukosea. Njia ni mstari usio na unene wowote. Unene ni vazi tulilouvalisha. Printa inachapa vazi, kisu kinafuata njia. Kabla ya kukata, ukingo lazima ugeuzwe kuwa umbo lenye kingo zake lenyewe: Ctrl+Alt+C kwenye Inkscape, Ctrl+Shift+Q kwenye CorelDRAW. Hapo mstari mmoja unakuwa utepe wenye pande mbili, na kisu kinauzunguka.

Vazi hili lina tabia nyingine za kuzijua. Linakaa nusu ndani, nusu nje ya njia. Mraba wa milimita 100 wenye ukingo wa milimita 4 utasomeka 104 kwenye visanduku vya vipimo, na watu huanza kuutafuta ubaya ambao haupo. Ukikuza nembo mara kumi, ukingo unaweza kukua nao au ukabaki ulivyo, kutegemea kitufe kimoja kilicho juu ya ukurasa. Kwa hiyo nembo ileile inaweza kutoka na ukingo kama uzi kwenye bango na mnene kupita kiasi kwenye kadi. Ncha za mstari zinaweza kuishia palepale, kuzungushwa, au kutokeza kidogo kwa mraba. Na kona kali sana huwa inakatwa ghafla: kwa kiwango cha kawaida cha SVG, pembe ikiwa chini ya nyuzi 29 hivi, ncha yake inaondolewa ili isije ikachomoza kama mwiba. Ukiona kona moja ya nyota yako ni butu na nyingine kali, hiyo ndiyo sababu.

Kanga kwa maumbo machache

Yule kijana nilimpa zoezi la kuchora kanga. Hakuna kitambaa kinachofundisha maumbo ya msingi vizuri zaidi, kwa sababu kimejengwa kwayo. Kuna pindo, ule mpaka unaozunguka. Kuna mji, uwanja wa katikati. Kuna jina, maandishi yanayokaa sehemu ya chini ya mji.

Akachora mstatili wa milimita 1500 kwa 1100, akauandikia vipimo badala ya kuuburuta. Akachora wa pili ndani yake. Kati ya hiyo miwili ndiyo pindo. Kwa jina akaweka mstatili mwembamba na kuuzungushia kona. Katikati ya mji akataka mwezi mwandamo, akaanza kuuchora kwa kalamu. Nikamzuia. Mwezi mwandamo ni duara lililoumwa na duara jingine: chora maduara mawili, sogeza la juu pembeni, yachague yote, bonyeza Ctrl na alama ya kutoa. La juu linaondoka na kipande cha la chini. Ctrl na alama ya kujumlisha inaunganisha, Ctrl na kinyota inabakisha pale yanapopishana tu. Nyota, ngao, jani, jambia, vingi vinapatikana kwa kujumlisha na kutoa maumbo ambayo mtoto anayajua.

Korosho ndiyo iliyohitaji kalamu. Ile ya kwenye kanga, yenye tumbo upande mmoja na mkia uliojikunja, ameichora kwa nukta tatu: moja kwenye ncha ya mkia, kona kali isiyo laini, moja kwenye kitako, moja kwenye tumbo. Mara ya kwanza vishikio vya kitako vilikuwa vifupi na korosho ikatoka imechongoka kama pilipili. Akavivuta, akavilaza sambamba na ukingo wa chini, kitako kikajaa.

Kisha badala ya kunakili korosho ile mara thelathini kuizungusha pindo, nikamwonyesha Alt+D. Hiyo haitoi nakala ya kawaida, inatoa pacha anayemtazama mama yake. Ndani ya faili, pacha hana nukta wala mikunjo. Ana sentensi moja tu inayosema: fanana na yule, ila kaa hapa, ukiwa umegeuka hivi. Sutherland alikuwa nalo hili tangu 1963, mchoro mmoja mama na watoto wake wengi.

Akazipanga korosho pande zote nne, zimetazamana kwa jozi. Akarudi nyuma ya kiti, akatikisa kichwa. Zilikuwa nene mno, akasema, zinauminya mji. Akaenda kwenye ile ya kwanza, akashika kishikio kimoja cha tumbo na kukirudisha ndani kidogo. Korosho zote za pindo zikakonda kwa pamoja.